Ukipiga kelele za mwizi Mwananyamala, watu watakuja

Ilikuwa saa mbili na nusu usiku, sebuleni kwa shangazi wa mwenzetu, Mwananyamala jijini Dar. Wanafunzi tisa wa filamu, kamera ya kuazima, na sini (kipande cha hadithi) ya jambazi anayevamia nyumba na kisu. Kisu chenyewe kilikuwa cha mpira. Tulikikagua mara tatu, tukapeana na mhadhara mdogo kuhusu silaha za bandia, tukajiona tumekomaa. Muongozaji akasema "eksheni", dada wa watu akapiga ukunga: "Mwizi! Mwizi jamani!" Mara ya kwanza muongozaji hakuridhika. Ya pili pia. Ya tatu geti likagongwa na kitu kizito.

Uani walishajaa. Vijana wa kijiwe cha bodaboda, baba mmoja kifua wazi na rungu lake, mwingine kashika nondo. Na mwigizaji wetu yuko katikati ya sebule, soksi usoni, kisu mkononi. Aliyemwokoa ni shangazi, aliyejitandaza mlangoni akipaza sauti kuliko wote, hadi mjumbe akafika. Barua ya serikali ya mtaa tulikuwa nayo. Ilikuwa kwenye begi, chini ya nyaya.

Tangu usiku ule nina msimamo ambao wenzangu wengi wanauona wa kibibi. Kila filamu ya wanafunzi inayopigwa nyumbani kwa mtu iwe na mtu mmoja asiyeigiza, asiyeshika kamera wala maiki, na asiyetafuta maksi kwenye kazi hiyo. Kazi yake ni kusema "simameni", na akisema, hata muongozaji anafunga mdomo. Usiku ule tulikuwa tisa na kila mmoja alikuwa na kazi ya kufanya filamu. Wa kukumbuka jirani hakuwepo.

Vyuoni tukizungumzia hatari tunakimbilia bunduki. Ni kweli, tarehe 21 Oktoba 2021 huko New Mexico, Marekani, mpiga picha mkuu Halyna Hutchins aliuawa kwa risasi iliyotoka kwenye bastola ya mwigizaji wakiwa mazoezini, bastola ambayo watu waliambiwa ni salama. Lakini kisa kinachomhusu zaidi mwanafunzi wa Dar ni cha Sarah Jones. Alikuwa msaidizi wa kamera, umri wake miaka 27. Tarehe 20 Februari 2014, katika jimbo la Georgia, walikuwa wanapiga picha kwenye daraja la reli bila ruhusa ya wenye reli kuwa pale, treni ikaja ikamuua. Wakubwa walikuwepo, wenye uzoefu wao. Sasa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyepewa kazi ya kushika stendi ya taa, tena kwa kubembeleza, atapata wapi kifua cha kumwambia muongozaji wa mwaka wa tatu kwamba hapa pana hatari? Atanyamaza. Mimi nilinyamaza sana.

Nilinyamaza Sinza, kwa mfano, nilipoona ekstensheni imelainika kama mhogo wa kuchemsha. Hesabu yake si ngumu. Umeme wetu ni volti 230, plagi ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13, zidisha upate wati 2990. Sisi tulichomeka taa tatu za zamani za wati 1000 kila moja, na juu yake pasi ya mtu wa mavazi. Fyuzi ilipaswa kukatika. Haikukatika kwa sababu fundi fulani, siku fulani, aliitoa akafunga kipande cha waya ili "isisumbue". Plagi za namna hiyo zimejaa mjini. Zaidi ya hapo, ekstensheni yenyewe tuliiacha imeviringwa ili isionekane kwenye picha, na waya uliobeba mzigo mkubwa ukiwa umeviringwa joto lake halina pa kutokea. Siku hizi nikiingia nyumba ya mtu, kabla sijaangalia mwanga wa dirishani naangalia meinswichi iko wapi, nafungua plagi moja moja, nakunjua waya wote hadi mwisho. Taa za LED zimetupunguzia mzigo sana, ila za kukodi kwa bei ya mwanafunzi mara nyingi bado ni zile za zamani, na joto la zile likikaribia pazia haliulizi. (Na nunueni umeme wa LUKU wenyewe. Kuukausha umeme wa mama mwenye nyumba si suala la usalama, ni adabu tu.)

Umeme ukikatika, yupo atakayesema tuwashe jenereta koridoni, mvua inanyesha nje. Huyo msimsikilize hata kama ndiye mwenye jenereta. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu, na inaua watu usingizini. Jiko la mkaa linalowekwa chumbani ili kamera ipate ukungu mzuri ni ndugu yake.

Halafu milango. Nyumba zetu zina nondo kila dirisha kwa sababu tunaogopa wezi wa kweli, kwa hiyo njia ya kutokea ni moja, na ndiyo hiyo tunayoijaza stendi na masanduku. Geti nalo tunalifunga kwa kufuli watoto wa mtaani wasichungulie. Ufunguo anao nani? Mara ya mwisho nilipouliza, alikuwa nao kijana aliyekwenda kununua chipsi.

Stendi zizuiliwe na viroba vya mchanga. Viroba vitupu vya unga vinatosha, mchanga hauna gharama. Badala ya mchanga msining'inize madumu ya maji karibu na taa, nimeliona hilo kwa macho yangu Tabata.

Joto nalo. Mtu wa sauti anataka feni izimwe, madirisha yafungwe, friji ichomolewe. Kwa Februari ya Dar, chini ya bati, na mwigizaji kavaa koti la babu, dakika ishirini ni nyingi. Tulikuwa na binti aliyeanguka, tukamsifia kwanza tukidhani anaigiza. Kuhusu friji, yuko mzee wa kazi aliyenifundisha: ukiizima, weka simu yako humo ndani, huwezi kuondoka bila kukumbuka kuiwasha. Kabla ya ujanja huo tulimharibia mama mmoja kilo za kutosha za kibua.

Kibali cha Bodi ya Filamu kinakupa haki ya kupiga picha. Hakimfikii jirani wa ukuta wa pili. Kwa jirani unakwenda kwa miguu, alasiri, unabisha hodi, unasema shikamoo, unaeleza kwamba saa mbili mtasikia kelele na si za kweli. Kisha unapita kijiweni kwa bodaboda kusema vilevile. Na ile kelele ya "mwizi" kwa maoni yangu isipigwe kabisa usiku, hata majirani wakiwa wameambiwa, maana wapita njia hawakuambiwa. Mwigizaji afunue mdomo tu, sauti itarekodiwa siku nyingine ndani ya chumba chenye magodoro.

Mwaka jana nilikwenda kusaidia vijana Kigamboni, na mtu wao wa kusema "simameni" alikuwa dada wa muongozaji, muuguzi, hajui lenzi wala sini. Saa tano kasoro usiku akasema basi, watu wamesimama tangu alfajiri, wa Mbagala na wa Kimara bado wana safari, hakuna atakayepanda bodaboda na usingizi huu. Sini ya mwisho ilikuwa haijapigwa. Muongozaji alimnunia dada yake wiki nzima. Nilipoitazama filamu ilipokamilika, sikuona palipokosekana kitu.