Zambarau Ni Tunda, Si Barakoa

Kuanzia mwezi wa tano hivi, hewa ya asubuhi Newala, Tandahimba na Masasi, mkoani Mtwara, hubadilika harufu. Salfa ya unga inapulizwa mikoroshoni kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, kisha zinafuata dawa za maji za kuua mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi. Pamoja na dawa huja ushauri, wa mdomo na wa kwenye simu: mpuliziaji anywe maziwa, au ale matunda meusi, yanasafisha sumu hadi kwenye ubongo.

Maziwa hayana kazi hiyo, tuyaweke pembeni. Hili la matunda ndilo linalonikosesha raha, kwa sababu ndani yake kuna ukweli, na watu wanauegemea ukweli huo mahali usipoweza kuwabeba.

Rangi ya zambarau iliyoiva, ile inayoganda kwenye ulimi, hutokana na kemikali za mimea ziitwazo anthosianini. Zimo kwenye choya pia, na kwenye bluberi, tunda dogo la porini la Marekani Kaskazini ambalo limechunguzwa kuliko mengi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walizilisha seli za ubongo sumu iitwayo rotenoni. Seli zilizokuwa zimepewa viini, yaani dondoo zilizokamuliwa, vya matunda yenye anthosianini nyingi zilistahimili zaidi.

Rotenoni si jambo la mbali. Utupa, mmea ambao majani yake hutwangwa na kumwagwa majini kulevya samaki, unayo. Hufanya kazi kwa kuziba njia ambayo seli hupatia nguvu, ndiyo maana samaki huelea. Mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba panya waliopewa rotenoni kidogo kidogo kwa muda mrefu walikakamaa na kupoteza wepesi wa mwendo, mfano wa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo, na seli zao zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo, zikafa. Kwa hiyo mmea mmoja unaua seli na mwingine unazitetea. Napenda sana jambo hili, na ningetamani watoto wetu walisome kwenye baiolojia kwa kutumia utupa na zambarau wanazozijua.

Kwa binadamu pia kuna dalili njema. Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi wa Marekani uliofuatilia watu karibu 130,000 kwa miaka 20 na zaidi. Wanaume waliokula flavonoidi nyingi zaidi, kundi la kemikali za mimea ambalo anthosianini zimo, walipata Parkinson kwa uchache wa takribani asilimia 40 kuliko waliokula kidogo kabisa. Kwa wanawake, jumla ya flavonoidi haikuonyesha tofauti ya wazi.

Lakini watu hao walikuwa wanakula matunda miaka nenda miaka rudi. Hawakuyala jioni moja baada ya kubeba bomba mgongoni kutwa nzima. Na seli za maabara hupewa viini moja kwa moja, wakati anthosianini tunayomeza huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana. Nyingi huvunjwavunjwa na bakteria wa utumbo kabla ya kufika popote.

Tena sumu zenyewe hazifanani. Baadhi ya dawa za wadudu ni za kundi la oganofosfeti, kama profenofosi. Hizi hukamata kimeng'enya kinachozima ishara za mishipa ya fahamu, na ishara zikikosa kuzimwa mtu hutokwa mate na jasho, huona ukungu, hutetemeka, kifua kinabana. Hakuna zambarau itakayokinasua kimeng'enya hicho. Huyo anahitaji kuvuliwa nguo zilizolowa, kuogeshwa kwa maji na sabuni na kukimbizwa hospitali, ambako kuna atropini, dawa ya kutuliza dalili hizo. Chukueni na kopo la dawa, daktari asome kibandiko.

Nyingi ya sumu hii hupitia kwenye ngozi: mikono wakati wa kuchanganya, mgongo pale bomba linapovuja. Naona vijana wakipuliza kifua wazi, kitambaa kimefungwa puani, na ninaumia. Kisha mtu anamuuzia kijana huyohuyo vidonge vya bluberi kwa bei ambayo ingemnunulia glavu, buti na barakoa. Biashara hiyo naiita dhuluma.

Na tusisahau kwamba mzambarau ulio katikati ya mikorosho hunyeshewa dawa pamoja nayo. Mabibo vilevile, ambayo watoto huyaokota na kuyanyonya palepale. Matunda yaoshwe, na shamba lililopulizwa watoto wasiingie kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Matunda yetu nayataka sana. Zambarau pori, fudu, mabungo: nataka yapimwe hapahapa, tujue kila moja lina nini, kabla vichaka vyake havijafyekwa vyote kupisha mikorosho mipya. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, kimetufanyia utafiti wa korosho kwa miongo mingi. Kazi ya namna hiyo ikifanywa kwa matunda ya porini nitakuwa wa kwanza kushukuru.

Kwa msimu huu ombi langu ni kwa wenye maduka ya pembejeo, Mtwara na Lindi. Wekeni glavu na barakoa mezani palepale penye dawa, na mkulima akiomba chupa, muulizeni atavaa nini.