Taasisi Yangu ya Tabata

Hivi wenzangu mnaishi vipi na hizi kompyuta? Nauliza kwa heshima zote, mimi mtu mzima, baba wa familia, mjumbe wa kamati ya harusi, mtu ambaye hata kwenye daladala konda huniita mzee bila kulazimishwa.

Leo jioni shemeji kaandika kwenye grupu: "Shem, MC anaomba zile picha za bwana harusi akiwa mdogo, zile za kwenye beseni. Anazitaka kabla ya kikao." Ameniandikia mimi kwa sababu mimi ndiye mtunza kumbukumbu wa ukoo. Cheo hicho sikukiomba. Kilinijia siku niliyonunua seva. Humu ndani wapo wanaoiita kisanduku, na wapo wanaoiita lile dude linalounguruma nyuma ya TV, lakini mimi naiita seva, na kabla ya kulitamka hilo neno huwa nakaa vizuri kwanza. Ina diski mbili, kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine, ili moja ikifa ukoo usipoteze sura. Harusi zimo, ubatizo umo, misiba imo, mahafali ya chekechea yamo, yote na majoho yake.

Nikafungua kompyuta nikabofya Z. Z ndiyo seva. Imepigwa alama ya X nyekundu. Nikabofya tena kwa upole, maana vitu hivi vingine vinataka kubembelezwa. Ikazungusha kale kaduara, ikazungusha, ikanijibu kwamba njia ya kwenda huko haipatikani.

Nikasema sawa, umeme. Mchana ulikatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi, na mwenye nyumba yeyote anajua umeme ukirudi rauta inaweza kugawa namba upya. Aliyekuwa 192.168.1.12 asubuhi, jioni ni 192.168.1.7, na kompyuta inabaki kumgongea mpangaji aliyehama. Nikaingia kwenye rauta. Namba ni ileile. Nikaipigia ping, yaani kuibishia hodi nione kama ipo, ikajibu chini ya milisekunde moja, kwa adabu kabisa. Nikageuka, watoto wanatazama katuni kwenye televisheni, na katuni zenyewe zinatoka kwenye seva hiyohiyo! Wanacheka! Televisheni iliyoko ukutani inaiona, kompyuta iliyo umbali wa mkono wangu inasema haijawahi kukutana na mtu huyo.

Nikawapigia watoa huduma wa intaneti. Muziki kwanza. Halafu dada mwenye sauti nyororo akaniambia nizime modemu, nisubiri sekunde 30, niwashe. Nikamwambia dada yangu, intaneti haihusiki, seva iko hapa sebuleni. Akaniambia basi nizime na ya sebuleni.

Mpwa wangu anasoma IT chuoni, na ada nachangia. Akajibu kwa voisi: "Anko, hiyo mada bado hatujafika."

Jirani kasema ninunue flashi.

Ndipo nikamwita fundi. Kijana mpole, begi mgongoni, viatu kavua mlangoni. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu." Akakaa kwenye kiti changu, mimi nikakalia ndoo. Z hakuigusa kabisa. Alikwenda juu kule kwenye ule mstari wa anwani, akaandika mikwaju miwili ya kuegemea kushoto na namba ya seva, akabonyeza. Kompyuta, ambayo mimi ilininyima maelezo jioni nzima, yeye ikampa aya nzima. Akaisoma. Akairudia. Akasogeza kiti nyuma.

"Mzee," akasema taratibu, "kompyuta hii ni ya ofisi gani?"

"Ofisi gani tena? Ni yangu."

"Imeandika hapa. Huwezi kufungua folda hii kwa sababu sera za usalama za taasisi yako zinazuia wageni wasiojitambulisha."

"Taasisi yangu?"

"Ndivyo inavyosema, mzee."

Nikaangalia taasisi yangu. Mmoja kalala kwenye kochi mdomo wazi. Wawili wanagombania rimoti. Mama watoto yuko jikoni anachambua dagaa. Nikamwambia mwanangu, unaowaona hapa ndio taasisi, na hakuna siku tuliyokaa tukapitisha sera. Sera pekee tuliyonayo ni kwamba atakayemaliza maji ya ndoo ya chooni ndiye atakayejaza.

Fundi hakucheka. Mikono kaiweka mapajani, mbali na kibodi. "Nisamehe mzee wangu. Niliwahi kumtengenezea mtu laptop, kumbe mali ya halmashauri. Nililala ndani. Tangu siku hiyo nikiona neno taasisi, nahitaji barua."

"Barua kutoka kwa nani?"

"Kwa mkuu wa taasisi."

"Mkuu wa taasisi ni mimi!"

"Basi itakuwa rahisi, mzee."

Ndugu zangu, niliandika. Sioni aibu, na nyie mngeandika. MC anasubiri, shemeji kashaanza kutuma alama za kuuliza bila maneno. Nilichukua daftari la hesabu la mtoto, nikachana karatasi ya katikati, nikaandika: "Mkuu wa Taasisi, Tabata. Kwa Mkuu wa Taasisi, Tabata. Yah: Ruhusa ya kugusa kompyuta. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Napenda kukujulisha kuwa ombi lako limekubaliwa. Nakutakia kazi njema. Nakala: Mama watoto, kwa taarifa." Nikasaini, nikamkabidhi.

Akaigeuza mbele na nyuma. "Mhuri, mzee."

Hapo ndipo mama watoto alipotoka jikoni, mikono inanukia dagaa, maana yeye neno mhuri analisikia hata akiwa usingizini. Ni katibu wa kikoba. Mhuri wa kikoba anautunza kabatini chini ya vitenge, kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko mwingine wa nailoni. "Siugongi bure," akasema. "Kikundi kina katiba." Yaani mwanamke niliyemuoa mbele ya ukoo mzima! Tukakubaliana deni langu la mchango wa mwezi uliopita nililipe papo hapo. Nikalipa kwa simu, na makato juu. Wino ulikuwa umekauka, akaugusia mate kidogo, akagonga. Barua ikasomeka kwamba taasisi yangu sasa ni kikundi cha akina mama wajasiriamali.

Fundi akaridhika. Akaikunja, akaitia begini, akanyoosha vidole. Halafu akakumbuka kitu.

"Mzee, kwenye simu nilikuambia elfu kumi na tano. Hiyo ni bei ya mtu binafsi. Taasisi ni elfu sitini."

Nikavuta pumzi. Nikamwambia vizuri sana mwanangu, taasisi inalipa bila shida, ila taasisi inataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Kimya. Hata watoto waliacha rimoti.

"Tufanye tu mtu binafsi, mzee."

Nikawa raia tena.

Lakini tusimseme sana, kijana anajua kazi. Akaniuliza kama naikumbuka Mei 2017. Ile WannaCry. Kirusi kilichopita kwenye tundu la toleo la kwanza la SMB, yaani hiyohiyo lugha ambayo kompyuta na seva yangu zinaitumia kugawana mafaili, kikafunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikawa zinarudisha wagonjwa. Baada ya hapo, akasema, milango ikaanza kukazwa. Lile toleo la kwanza likaacha kuwekwa kwenye Windows mpya, na Windows 11 ya toleo la 24H2, iliyotoka 2024, hasa hii ya Pro niliyowekewa dukani bila kuulizwa, inadai kila ujumbe kati yake na seva utiwe saini, ili asitokee mtu katikati akaubadilisha. Saini inatengenezwa kutokana na paswedi. Seva yangu ilikuwa inampokea kila mtu kama mgeni, bila jina wala paswedi. Mgeni wa namna hiyo hana cha kusainia. Televisheni haisumbuliwi kwa sababu inapita njia nyingine ya filamu na muziki, huko hakuna anayeulizwa jina.

Kwa hiyo kompyuta nayo ilikuwa inataka barua yenye mhuri! Wote wawili, fundi na kompyuta, lao moja!

Na hapa niseme kitu, uzalendo unanishinda. Laini ya simu nimeweka alama za vidole. Benki wanataka kitambulisho cha taifa. Kitambulisho cha taifa wanataka cheti cha kuzaliwa. Mtoto kuanza shule, barua ya serikali ya mtaa. Kuzika, kibali. Nimekubali yote, nimepanga foleni zote na peni yangu mfukoni. Lakini kwenda kuangalia picha za beseni, za ukoo wangu, kwenye kisanduku changu, chini ya bati langu, naambiwa mimi ni mgeni asiyejitambulisha? Nijitambulishe kwa nani? Kwa nini asijitambulishe yeye, anayekula umeme wangu usiku kucha?

Fundi akasema njia ziko mbili. Ya kwanza, kuilegeza kompyuta kwa amri mbili tatu ili ikubali wageni. Wengi hufanya hivyo, naye haipendi, maana utakuwa umefungua hata kwa seva usizozijua. Ya pili, kuingia kwenye seva, kutengeneza mtumiaji mwenye jina na paswedi, na mgeni kumfungia nje. "Paswedi ya admini ni ipi, mzee?"

Aliyeiweka ni fundi wa kwanza. Fundi wa kwanza yuko Muscat. Nilimtumia ujumbe, akajibu na picha yake kasimama ufukweni.

Nyuma ya seva kuna katundu kadogo. Ukipenyeza kitu chembamba ukashikilia mpaka ilie pii, paswedi inafutika na mafaili yanabaki. Ukipitiliza na kurudia, unaweza kuingia kwenye habari nyingine. Mama watoto akachomoa pini ya ushungi. Sebule nzima ikasimama. Ikalia pii. Fundi akatoa pini haraka, jasho kwenye pua.

Akatengeneza jina, akatengeneza paswedi yenye herufi kubwa, namba na alama ya mshangao. Tukarudi kwenye kompyuta. Ikakataa! Sasa inasema mtu mmoja haruhusiwi kuingia kwenye seva moja kwa majina mawili kwa mpigo. Jioni nzima inasema hainijui, leo hii inanijua mara mbili! Nilisimama pale kwenye ndoo nikatoa neno ambalo mtoto mdogo kashalirudia mara kadhaa tangu wakati huo. Fundi akafungua lile dirisha jeusi, akaandika net use na kufuta kila muunganisho wa zamani, akafuta na paswedi zilizohifadhiwa, akaizima kompyuta akaiwasha. Z ikafunguka. Beseni hilo hapo, na bwana harusi ndani yake, sabuni mpaka masikioni.

Nikazituma grupuni. Shemeji akajibu: "Asante shem, ila MC alishapata nyingine kwa shangazi. Kikao kimeshaanza, tuko kwenye bajeti."

Bajeti ndiyo wanayoijua. Nimefungua hiyo bajeti waliyoituma. Kadi ya dabo imepanda tena, na sababu wameiandika bila haya: droni. Kuna mtu kasimama kwenye kikao akashawishi watu wazima kwamba harusi bila droni haina video. Ukumbi wenyewe naujua, ni ule wa juu ya duka la mabati, dari unaligusa ukinyoosha mkono, na lina feni sita. Sasa hiyo droni itaruka wapi?