Siku ndefu ndizo zinazotumaliza

Nimesoma makala inayomshauri aliyekaa muda mrefu bila ajira atume maombi mengi zaidi ya kazi kila siku. Mimi nina miezi 14 natafuta, na kinachonimaliza si uchache wa maombi, ni siku zisizo na mwanzo wala mwisho. Mwaka 1931 watafiti walikwenda Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa. Watu walikuwa na muda tele, lakini wakaazima vitabu vichache kuliko zamani, ingawa ada ya maktaba ilishaondolewa. Nilijiona humo kabisa. Nilikuwa nafungua barua pepe kila baada ya dakika kumi, hadi usiku wa manane.

Sasa naandika maombi asubuhi tu, machache lakini kwa makini, kisha nafunga kompyuta natoka nje. Yote nayaandika kwenye daftari. Safu ya majibu iko tupu kurasa nzima, na hiyo inauma. Waajiri, jamani, hata mstari mmoja wa kusema hukufanikiwa humrudishia mtu usingizi. Nanyi ndugu zetu, msituulize kila jioni "vipi, umepata?" Tukipata, nyinyi ndio wa kwanza kuambiwa.