Bima ya afya iliyoachwa nje ya kapu la Uswisi

Mwaka 2022, bei zilipokuwa zinapaa Ulaya nzima, Uswisi haikutikisika sana. Katika nchi zinazotumia yuro mfumuko wa bei ulifika asilimia 10.6 mwezi Oktoba. Uswisi, kilele kilikuwa asilimia 3.5, mwezi Agosti. Wastani wa mwaka huo mzima ulikuwa 2.8, uliofuata 2.1, kisha 1.1 mwaka 2024, na mwaka 2025 ukashuka hadi 0.2. Gavana yeyote wa benki kuu angezipokea namba hizo kwa mikono miwili.

Wakazi wenyewe hawakuzishangilia. Tarehe 3 Machi 2024 walipiga kura kuamua kama wastaafu waongezewe malipo ya 13 ya pensheni kila mwaka, juu ya yale 12 ya kila mwezi, na asilimia 58.2 wakasema ndiyo, ingawa serikali na bunge walikuwa wamewashauri wakatae. Hoja iliyotawala kampeni ilikuwa ugumu wa maisha. Tangu hapo imezoeleka kusikia kwamba Waswisi wamedeka: wanaishi katika nchi yenye bei tulivu kuliko karibu zote na bado wananung'unika, kwa sababu binadamu hukumbuka kilichopanda na kusahau kilichoshuka. Hilo la kumbukumbu ni kweli. Lakini halitoshi kueleza malalamiko haya, na linawakosea haki watu wanaosoma bili zao vizuri tu.

Kwanza tuwape watunga sera haki yao. Uswisi imewahi kuonja mfumuko mkali, asilimia 9.8 mwaka 1974, na Benki ya Taifa ya Uswisi haikusahau. Leo tafsiri yake ya bei tulivu ni ongezeko lililo chini ya asilimia 2 kwa mwaka. Silaha yake kubwa ni thamani ya faranga, sarafu ya nchi hiyo. Kati ya Septemba 2011 na Januari 2015 benki hiyo iliizuia faranga isipande thamani hadi yuro moja ikashuka chini ya faranga 1.20. Ilipoachia ghafla tarehe 15 Januari 2015, yuro ilianguka siku hiyohiyo hadi karibu faranga moja, bidhaa za nje zikawa rahisi, na mwaka ukaisha kwa bei kushuka kwa asilimia 1.1. Mwaka 2022 ilifanya kwa makusudi: iliiacha faranga ipande ili mafuta na bidhaa kutoka nje ziingie kwa bei nafuu. Ongeza hapo kwamba kaya nyingi hulipa umeme kwa bei inayopangwa mara moja kwa mwaka chini ya uangalizi wa serikali, na sehemu kubwa ya umeme huo hutokana na maji. Hakuna uchawi hapo wala udanganyifu.

Lakini kasi ya bei kupanda ni jambo moja, na urefu ambao bei zimeshafika ni jambo lingine. Uswisi ni miongoni mwa nchi ghali kabisa barani Ulaya. Jumamosi tramu namba 8 ya Basel huvuka mpaka hadi Weil am Rhein, Ujerumani, na kurudi na abiria waliobeba nyama, jibini, sabuni na nepi, pamoja na fomu za forodha za kurudishiwa kodi ya Ujerumani. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Uswisi imepunguza thamani ya bidhaa ambazo mtu anaweza kuingiza bila kulipa kodi kutoka faranga 300 hadi 150 kwa siku. Anayesafiri hadi nchi nyingine kununua nyama ya wiki hasumbuliwi na kumbukumbu. Anafanya hesabu.

Na katika hesabu za kaya za Uswisi kuna mstari mmoja ambao fahirisi ya bei, yaani kipimo rasmi cha mfumuko kinachofuatilia bei za kapu la bidhaa na huduma, haiuoni kabisa: mchango wa bima ya afya ya lazima. Kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1996, kila mkazi lazima awe na bima hiyo, na mchango hautegemei kipato. Mhudumu wa hoteli na mkurugenzi wa benki wanaoishi mtaa mmoja na wenye bima ileile hulipa sawasawa. Wenye kipato kidogo hupunguziwa na majimbo, na zaidi ya robo ya wakazi hupata nafuu hiyo. Waliozidi kiwango hicho kidogo tu hubeba mzigo wote wenyewe.

Mwishoni mwa Septemba serikali hutangaza viwango vya mwaka unaofuata. Kwa mwaka 2023 wastani ulipanda asilimia 6.6, kwa 2024 asilimia 8.7, kwa 2025 asilimia 6, na kwa 2026 asilimia 4.4. Limbikiza maongezeko ya miaka mitatu ya kwanza, utapata karibu asilimia 23 katika miaka ambayo fahirisi rasmi ilipanda kwa jumla isiyozidi asilimia 4. Mwaka 2025 mtu mzima alilipa kwa wastani kama faranga 449 kwa mwezi. Mume na mke ni karibu 900 kabla ya kuhesabu watoto, na ongezeko la mwaka huo peke yake liliwaondolea kama faranga 50 kila mwezi. Wastani huo umeshawajumuisha hata waliojitahidi kukwepa. Barua ya bima inapofika Oktoba, wengi huhamia kampuni nyingine, au huchagua mpango wa kulipa wenyewe faranga 2,500 za mwanzo za matibabu kila mwaka ili mchango wa mwezi upungue. Mchango umepungua kweli, ila hatari imehamia mfukoni mwao, na kuhama huko hakuonekani popote katika takwimu za bei.

Kwa nini basi mchango huo uko nje? Ofisi ya Takwimu ya Shirikisho ina jibu, na ni jibu zito. Fahirisi hupima bei za vitu na huduma. Bima ya lazima hukusanya fedha kwa wazima na kuzipeleka kwa wagonjwa, kwa hiyo ni uhamisho wa fedha kama ilivyo kodi. Huduma zenyewe, yaani daktari, hospitali na dawa, tayari zimo ndani ya kapu na hubeba kama asilimia 15 ya uzito wake. Ukiongeza na mchango, utakuwa umehesabu kitu kimoja mara mbili. Hoja ya pili ina nguvu zaidi: bei ya kumwona daktari haijapanda sana, na dawa nyingi zimeshuka bei. Kinachopandisha michango ni kiasi cha matibabu: watu wanazeeka, wanapimwa zaidi, wanapata tiba mpya. Mtu akinunua mikate mitatu badala ya miwili, hatusemi mkate umepanda bei.

Hoja hii ya mikate inaeleweka mara moja, na hapo ndipo wengi hufunga mjadala. Tatizo ni kwamba mnunuzi wa mikate ameamua mwenyewe kununua wa tatu. Kijana mzima wa miaka 30 mjini Lausanne ambaye hajakanyaga hospitali mwaka mzima hajaongeza matumizi yoyote, na bado bili imepanda. Hawezi kuikataa, kwa kuwa ni sheria. Kwake yeye hiyo ni bei ya kuishi Uswisi, na imepanda zaidi ya maradufu tangu 1996, wakati fahirisi rasmi haijapanda hata robo.

Kodi za nyumba wanazolipa wapangaji zimo ndani ya kapu, ila nazo zina mambo yake. Sheria inazifunga kwenye riba rejea, inayotokana na wastani wa riba za mikopo ya nyumba: riba hiyo ikipanda robo asilimia, mwenye nyumba anaruhusiwa kupandisha kodi kwa asilimia 3, na juu yake kudai asilimia 40 ya mfumuko uliotokea. Benki ya Taifa ilipopandisha riba ili kuzima mfumuko, riba rejea ikapanda mara mbili mwaka 2023, na kodi zikafuata. Dawa ikaongeza sehemu ya homa. Riba rejea imeshuka tena mwaka 2025, lakini mpangaji mara nyingi hulazimika kuomba mwenyewe apunguziwe.

Madhara makubwa zaidi nayaona kwenye mishahara. Majadiliano ya kila msimu wa vuli kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri huanzia kwenye fahirisi. Hata kwa kipimo hicho kisicho na bima, mishahara halisi, yaani baada ya kuondoa kupanda kwa bei, ilishuka miaka mitatu mfululizo: asilimia 0.8 mwaka 2021, 1.9 mwaka 2022, na 0.4 mwaka 2023. Mwaka 2024 ilipanda 0.7, na taarifa zikasema uwezo wa kununua umeanza kurudi. Mwaka huohuo michango ilipanda asilimia 8.7.

Sisemi fahirisi ivunjwe ili iingize bima. Ingekuwa kipimo kibaya zaidi cha kuongozea sera ya fedha, kwani Benki ya Taifa ingejikuta ikipandisha riba kwa sababu watu wanaishi muda mrefu. Wala kura hazitatui kila kitu: Juni 2024 pendekezo la kuweka kikomo cha michango kwenye asilimia 10 ya kipato cha kaya lilikataliwa na asilimia 55.5. Lakini ofisi hiyohiyo ya takwimu hutoa kila mwaka fahirisi ya pili, ya michango ya bima, inayoonyesha ni kiasi gani cha ongezeko la kipato kinachomezwa na bima. Ipo, ni rasmi, na husomwa na wachache. Waajiri na vyama wanapokaa kujadili mishahara, namba hiyo nayo iwekwe mezani.