Mwalimu Mkuu na Nyayo za Watoto: Kwa Nini Watazamaji wa Mindhunter Hawaelewani

Ugomvi ulianzia kwenye nyayo. Tulikuwa sebuleni kwa dada yangu, Tanga, umeme umerudi baada ya kukatika jioni nzima, tukawa tumefika sehemu ya 8 ya msimu wa kwanza wa tamthilia ya Mindhunter. Kuna mwalimu mkuu wa shule ya msingi, Roger Wade, ambaye mtoto akipelekwa ofisini kwake humtekenya nyayo, kisha humpa sarafu. Ndiyo hayo tu. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyevuliwa nguo. Holden Ford, mpelelezi kijana wa FBI aliyealikwa shuleni kutoa mada, analisikia jambo hilo kwa mwalimu mmoja na kulivalia njuga mpaka mwalimu mkuu anapoteza kazi. Baadaye mke wa yule mwalimu mkuu anakuja hadi mlangoni kwa Holden kumweleza alichowafanyia.

Shemeji yangu ana miaka 22 ya ualimu. Akaomba tusimamishe picha.

"Huyu kaonewa. Kosa lake ni lipi? Niandikieni ubaoni nilisome."

"Baba Salma, kaambiwa aache, kakataa," dada akajibu kutoka jikoni. "Mtu mzima anakataaje jambo dogo hivyo, kama ni dogo?"

"Kukataa si kuua mtu."

"Kwa hiyo tungoje aue?"

Hatukumaliza sehemu ile usiku huo. Tangu hapo, kila ninapokutana na mtu aliyeitazama tamthilia hii humuuliza kwanza habari za mwalimu mkuu, na jibu lake hunionyesha mapema atasema nini kuhusu mengine yote.

Kwa ambaye hajaiona: Mindhunter ilianza kuonyeshwa Netflix Oktoba 2017, ikarudi na msimu wa pili Agosti 2019, jumla sehemu 19. Mwandishi aliyeianzisha ni Joe Penhall, na David Fincher aliongoza sehemu kadhaa katika kila msimu. Msingi wake ni kitabu cha John Douglas, mpelelezi wa kweli wa FBI, ambaye miaka ya 1970 yeye na mwenzake Robert Ressler walianza kuzunguka magereza ya Marekani wakiwahoji watu waliokwisha kuhukumiwa kwa mauaji ya mfululizo. Lengo lao lilikuwa kujua watu hawa wanafikirije, ili siku maiti ikiokotwa na muuaji hajulikani, polisi waweze kuchora wasifu wake: umri, kazi, tabia, anaishi na nani. Kwenye tamthilia Douglas amekuwa Holden, Ressler amekuwa Bill Tench, na Ann Burgess, muuguzi na mtafiti wa waathirika wa ubakaji aliyewapangia utafiti wao ukasimama kama utafiti, amekuwa Wendy Carr.

Lawama ya kwanza utakayoisikia ni kwamba hakuna kinachotokea. Watu wawili wameketi mbele ya mfungwa, kinasa sauti kinazunguka, dakika kumi zinapita. Aliyekulia kwenye picha za mapigano anasubiri mlango uvunjwe, na mlango hauvunjwi. Siwezi kumlaumu anayesinzia. Lakini wanaoipenda wanaipenda kwa sababu hiyohiyo, na hapa nawaunga mkono. Tazama ule utangulizi wa kila sehemu: vidole vinafunga kamba za maikrofoni, vinaweka utepe, vinabonyeza kitufe, na katikati ya vitu hivyo vya ofisini inapita picha ya maiti, haraka kiasi kwamba unajiuliza kama umeiona kweli. Ukiondoa picha hizo na nyingine chache, tamthilia hii ya wauaji karibu haionyeshi mauaji. Yanasimuliwa.

Linganisha na Criminal Minds, iliyorushwa na televisheni ya CBS ya Marekani tangu 2005 hadi 2020, vipindi zaidi ya 300, kazi ileile ya kuchora wasifu. Pale kila wiki kuna mwanamke amefungwa mahali, saa inakimbia, na timu inamfikia kwa ndege yao binafsi. Mandy Patinkin, aliyekuwa mhusika mkuu, aliondoka 2007, na miaka mitano baadaye aliliambia gazeti moja kwamba kukubali kazi ile lilikuwa kosa kubwa kuliko yote aliyoyafanya hadharani, kwa sababu hakutarajia kwamba kila wiki watakuwa wanaua na kubaka wanawake. Mashabiki wake wengi walikasirika. Mimi nilimwelewa.

Hata hivyo kutoonyesha damu kuna gharama yake, na wakosoaji wa Mindhunter wameigusa vizuri kuliko mashabiki wanavyokubali. Damu isipoonekana, anayebaki kuonekana ni msimuliaji. Ed Kemper aliua watu 10, wakiwemo babu na bibi yake alipokuwa na miaka 15, na mwisho mama yake mzazi na rafiki wa mama huyo. Cameron Britton anamwigiza kama jitu pole lenye sauti ya mhudumu wa maktaba. Siku ya kwanza anamkaribisha Holden sandwichi ya mayai, kwa adabu, kama mwenyeji anayejua mgeni wake katoka mbali. Britton aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy kwa nafasi hiyo, na alistahili. Lakini waulize watazamaji jina la msichana mmoja tu kati ya sita aliowaua, wengi wao wanafunzi wa vyuo, waliokuwa wakiomba lifti barabarani. Hakuna atakayekumbuka, maana tamthilia haikuwapa nafasi ya kukumbukwa.

Wanaoitetea wanasema ndiyo maana msimu wa kwanza unaisha vile unavyoisha. Holden, aliyekwisha kujiona rafiki na mtaalamu wa Kemper, anamkuta hospitalini. Kemper anashuka kitandani, anasimama kati yake na mlango, anamweleza kwa upole jinsi ambavyo angeweza kumuua, kisha anamkumbatia. Holden anatoka mbio na kuanguka korido, pumzi imekata. Utetezi huo nauona una nguvu. Mtazamaji aliyekuwa akimfurahia Kemper tangu sehemu ya 2 anashtuka pamoja na Holden, kwa sababu ile ladha ya ukaribu walikuwa wanaigawana. Ni mtego uliotegwa kwa makusudi. Tatizo ni kwamba si kila aliyenaswa alijua amenaswa. Wengi waliibuka na vipande vya video vya "Kemper bora kabisa", wanavipeana kama vichekesho.

Hapo ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili. Mjadala mwingi unauliza kama tamthilia inawapendezesha wauaji. Mimi linanisumbua zaidi jambo jingine: kwamba inampendezesha mpelelezi anayewasoma wauaji, wakati hadithi yenyewe, ukiifuatilia kwa utulivu, inamtilia shaka kila hatua. Holden anaanza kama mtu anayeuliza maswali, na katikati ya msimu wa kwanza ameshakuwa mtu mwenye majibu. Yule mwalimu mkuu amewekwa pale kutuonyesha badiliko hilo. Mpelelezi aliyekaa na wauaji wachache amekwisha kumsoma mtu ambaye hakuua, na hatuambiwi kamwe kama alimsoma sawa. Shemeji anataka kosa liandikwe ubaoni, dada anataka mtoto alindwe kabla ya kosa, na waandishi wamekataa kumsaidia yeyote kati yao. Uamuzi huo wa waandishi ndio nilioupenda kuliko yote katika tamthilia hii.

Nje ya skrini majibu yapo, na hayapendezi. FBI waliwahoji wafungwa 36, wakachapisha matokeo kwenye kitabu mwaka 1988. Humo ndimo ulimokomaa mgawanyo maarufu: muuaji mpangilifu, anayekuja na kamba yake na kuondoka na silaha yake, na muuaji asiye na mpangilio, anayeokota kilichopo na kuacha kila kitu kama kilivyo. Watu 36, wote wamekamatwa, wote wamekubali kuzungumza, wengine wakiwa waongo wa miaka mingi. Mwaka 2004 David Canter wa Uingereza na wenzake walichukua mauaji 100 ya wauaji 100 wa mfululizo wa Marekani, wakaangalia kama dalili hizo kweli hujipanga katika makundi mawili. Hazikujipanga. Karibu kila muuaji alikuwa na kitu cha upangilifu, na vurugu zilitofautiana bila mstari wa kuwatenganisha.

Uingereza hiyohiyo ilikuwa imeshalipa bei. Julai 1992 Rachel Nickell aliuawa London, kwenye uwanda wa Wimbledon, mtoto wake mdogo akishuhudia. Mwanasaikolojia akawachorea polisi wasifu wa muuaji. Wakamwona Colin Stagg, mkazi wa jirani aliyezoea kutembeza mbwa pale, wakaona anafanana nao. Askari wa kike akajifanya mchumba, akamwandikia barua kwa miezi akimchokonoa aseme ndoto zake chafu. Hakukiri kuua. Alishtakiwa hata hivyo, na mwaka 1994 jaji alitupilia mbali ushahidi ule kwa maneno makali. Muuaji alikuwa Robert Napper, aliyekuja kukiri 2008. Novemba 1993, wakati Stagg yuko rumande, Napper alimuua mama mwingine kijana na bintiye wa miaka 4. Stagg alilipwa fidia ya pauni 706,000.

Kisa hicho nilimsimulia dada. Alinyamaza kidogo, akasema: "Napper naye angesomwa mapema, yule mtoto angekuwa hai." Sikuwa na la kumjibu, na sidhani kama lipo.

Msimu wa pili ndio uliogawa watazamaji zaidi. Baadhi ya malalamiko nayapita haraka: kisa cha mtoto wa Bill Tench kimerefushwa mno, Wendy Carr ameachwa pembeni. Kweli. Kiini ni Atlanta, ambako kati ya 1979 na 1981 watoto na vijana weusi zaidi ya ishirini waliuawa. Holden anaalikwa na dada wa mapokezi hotelini, akidhani ni miadi ya wawili. Anafika mgahawani, anakuta mama watatu wamekaa mezani wanamngoja, mmoja wao Camille Bell, aliyempoteza mwanawe Yusuf, wa miaka 9. Anawaletea wasifu: muuaji ni kijana mweusi. Wao wanajua mji wao na historia ya Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, ndani yake, na wanajua polisi walikuwa wapi mtoto wa kwanza alipopotea. Mwishowe anakamatwa Wayne Williams, mweusi, kijana, sawa na wasifu. Mwaka 1982 alihukumiwa kwa kuua watu wazima wawili. Kesi nyingi za watoto zikafungwa kwa jina lake bila kufika mahakamani. Yeye anakana mpaka leo, na mwaka 2019 meya wa Atlanta, Keisha Lance Bottoms, alitangaza ushahidi upimwe upya.

Kuna waliolalamika kwamba mwisho huu hauna mwisho. Walitaka Holden awe sahihi au akosee, na wakapewa yote mawili: inawezekana alimsoma sawa, na bado akina mama wakaondoka mikono mitupu. Kwa msomaji wa Nairobi sidhani kama hili linahitaji maelezo marefu. Julai 2024, miili ya wanawake ilipotolewa kwenye shimo la machimbo Kware, Mukuru, karibu na kituo cha polisi, haikuchukua siku nyingi polisi wakatangaza wamempata mtu mmoja aliyekiri kuua wanawake 42. Wakili wake aliieleza mahakama kwamba mteja wake aliteswa. Mwezi uliofuata mtuhumiwa akatoroka mikononi mwa polisi Gigiri. Ilikuwa miezi ya maandamano na watu kutekwa, na Wakenya wengi waliuliza mara moja: muuaji mmoja wa mfululizo, anamfaa nani? Si lazima walikuwa sahihi. Lakini swali lao na la akina mama wa Atlanta ni moja, na wasifu hauwezi kulijibu, maana wasifu unamhusu muuaji, nao walikuwa wanawauliza polisi.

Msimu wa tatu haukuja. Waigizaji waliachiliwa kutoka kwenye mikataba yao mwanzoni mwa 2020, na Fincher alisema baadaye kwamba gharama ilikuwa kubwa kuliko idadi ya watazamaji. Mashabiki wanaendelea kuuomba, na wanachokitaka kukiona ni kukamatwa kwa yule fundi wa kengele za usalama kutoka Kansas, mwenye miwani na sharubu, anayeonekana dakika mbili tatu mwanzoni mwa sehemu nyingi bila kutajwa jina. Ni Dennis Rader, aliyejiita BTK, kifupi cha Kiingereza cha "funga, tesa, ua", aliyeua watu 10 kati ya 1974 na 1991. Wanamngoja Holden amfikie.

Rader alikamatwa Februari 2005, akiwa rais wa baraza la kanisa lake. Alikuwa ameanza tena kuwaandikia polisi na vyombo vya habari, akawauliza kama akituma disketi ya kompyuta itaweza kumfichua. Polisi wakamjibu kupitia tangazo dogo gazetini kwamba haina shida. Akatuma. Ndani yake wakakuta masalia ya faili lililofutwa, lenye jina la kanisa na jina la aliyelihariri mwisho: Dennis.

Shemeji aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Haya," akasema, "hilo ndilo limeandikwa ubaoni." Dada akamwambia apunguze sauti, watoto wamelala.