Bukavu ina mwendo wake

Wageni wengi wakifika hapa mashariki mwa Kongo husema Bukavu imelala. Haijalala. Milima ndiyo inayopanga mwendo. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na umeingia Ziwa Kivu kwa rasi tano, kama vidole vya mkono. Kutoka mtaa wa Kadutu kwenda ule wa Nyawera unateremka, kurudi unapanda, na anayepanda hakimbii. Unasimama kuvuta pumzi. Mama mwenye mzigo mgongoni, kamba imembana kwenye paji la uso, naye anasimama.

“Pole na mzigo, mama.”

“Aksanti, mtoto wangu. Kwenu wanaamuka muzuri?”

Hapo hapo zinafuata habari za mvua, za bei ya unga wa muhogo, za jirani aliyejifungua. Mimi sitaki barabara itakayoninyima mazungumzo hayo.

Saa ninayoipenda kuliko zote ni ya jioni, wavuvi wanapotoka. Mitumbwi inakwenda mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na makasia yanafuata wimbo: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Giza likishaingia, taa zinatapakaa juu ya maji kuwavuta sambaza. Samaki hao si wa asili ya Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo nani kwetu hawajui? Wakaange wakauke, weka pilipili na ndimu, uwale na kichwa chao, na ugali pembeni.

Mvua ikikatika, mlima Kahuzi unajitokeza upande wa magharibi, mita 3,308, na msitu wa sokwe chini yake. Mvua hiyo hiyo, kwenye miteremko iliyokatwa miti na kujazwa nyumba, inashusha udongo na kuua watu. Inasomba na chupa za plastiki hadi ziwani, zinaelea mpaka bwawa la Ruzizi, zinakwamisha mitambo, umeme unapotea.

Jambo linaloniuma zaidi ni ufukwe. Parseli, yaani viwanja, zimeuzwa hadi majini, kuta zimepanda, na mtoto wa Kadutu anayeliona ziwa kila asubuhi kutoka juu hana pa kuchovya mguu. Ziwa ni la wote. Kila rasi iachiwe walau njia moja ya miguu mpaka majini, isiyo na geti wala mlinzi, na mwenye parseli asogeze ukuta wake.