Karibu ni ya wote, funguo si za wote

Vijana wanaojifunza kuandika programu hapa Mtwara wakikutana, ubishi mmoja haukosi: mradi wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiunda) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, umpokee vipi mgeni anayetaka kuchangia? Wapo wanaotaka kila anayebisha hodi ashikwe mkono. Wengine wanasema asome maelekezo kwanza, maana wasimamizi wengi wa miradi hii wanajitolea tu, tena baada ya kazi zinazowapa mkate. Mimi ni wa kundi la kwanza, ila hoja ya kundi la pili ina uzito.

Oktoba 2020, kampeni ya Hacktoberfest iliahidi fulana kwa waliotuma marekebisho manne kwenye miradi huria. Wasimamizi wakafurikiwa na takataka: mtu anaongeza neno moja kwenye maelezo ya mradi, anatuma, anasubiri fulana. Kila ombi la aina hiyo lazima mtu alifungue, alisome, alikatae. Ndani ya siku chache waandaaji wakabadili utaratibu, ikabaki miradi iliyokubali yenyewe kushiriki.

Tukio la xz ni zito zaidi. Hii ni programu ya kubana mafaili, na imo katika mifumo mingi ya Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta. Mtu aliyejiita Jia Tan aliingia kama mchangiaji, akaaminiwa taratibu hadi akapewa mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Machi 2024 mtaalamu wa programu Andres Freund akagundua kwamba ndani ya xz kumefichwa mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Wengi hulitaja kama onyo dhidi ya wageni. Mimi naona msimamizi wa xz, Lasse Collin, aliachwa karibu peke yake, amechoka, huku akiandikiwa barua pepe za kumshinikiza amwachie mwingine. Mradi uliolea wachangiaji kadhaa wa kukaguana usingekuwa mwepesi hivyo kutekwa. Kumkaribisha mtu ni jambo moja, kumkabidhi funguo ni jingine, na la pili lina haki ya kuchukua miaka.

Sasa tumtazame mgeni mwenyewe. Kijana amepanga chumba Chikongola, laptopu yake inapata intaneti kupitia simu. Maelekezo yanamwambia apakue msimbo wote kwa Git, programu inayotunza msimbo pamoja na historia ya mabadiliko yake. Mradi ukiwa mkubwa kama Linux, historia yake nzima ni gigabaiti kadhaa. Bando linakata katikati, na Git haiendelei ilipoishia. Akinunua jingine anaanza upya. Aliyeandika maelekezo yale ana intaneti isiyokatika, hilo halikumjia akilini. Dawa yake ni kuongeza maneno machache kwenye amri: git clone --depth 1, inayoleta toleo la mwisho bila historia yote. Kijana huyu alisoma na alifuata. Ukimjibu "soma maelekezo" umemwonea, na hatarudi.

Hapo ndipo faida ya mgeni ilipo, na kundi la pili huisahau: yeye huona shimo ambalo mwenyeji ameshazoea kuliruka. Mchango wake wa kwanza uwe kuiandika amri hiyo kwenye maelekezo, kwa Kiswahili pia. Mradi unafaidika, naye anajifunza hatua zote za kutuma kazi na kukaguliwa.

Mgeni naye ana wajibu. "Wakuu, hii inagoma" si swali. Aseme alitaka kufanya nini, aliandika amri gani, kisha anakili ujumbe wa hitilafu wote. Na kazi yake ikiwa mbovu aambiwe wazi. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliomba radhi mwaka 2018 kwa matusi yake kwenye barua pepe, akapumzika kwa muda. Ukaguzi wa msimbo wa Linux haukulegea kwa sababu hiyo.

Kwa walio Mtwara na Lindi ambao kazi zao zimeshapokelewa kwenye miradi huria, ombi langu ni hili: kila mmoja achukue mgeni mmoja, akae naye hadi rekebisho lake la kwanza likubaliwe. Semina zinaweza kusubiri.